Bwana Mifugo na Mbwa wa Ghorofa ya Tatu

Malimi hapendi kuitwa daktari. Wafugaji wanaotoka Dutwa na vijiji vya huko nyuma humwita bwana mifugo, naye huitika hapo hapo. Watumishi wa mjini humwita dokta, naye hugeuka taratibu, kama anayeitwa ni mtu mwingine aliyesimama nyuma yake. Tumefanya kazi pamoja miaka mingi katika duka langu la dawa za mifugo hapa Bariadi, jirani na stendi. Mimi nauza dawa, yeye ana meza yake kwenye kona, na mtu akishanieleza mnyama wake anasumbuliwa na nini, namwonyesha kule kwenye kona. Mimi naitwa Mama Kija. Nina mdomo, kila mtu analijua hilo, na sijawahi kuliombea radhi.

Malimi alizaliwa Lingeka, kule Meatu, katika nyumba yenye ng'ombe wengi. Alisomea mifugo chuoni, akaajiriwa, akazunguka na pikipiki ya serikali akichanja na kuogesha ng'ombe mpaka akastaafu. Alifikiri sasa atapumzika. Lakini Bariadi ilikuwa imefanywa makao makuu ya mkoa, na watumishi walikuwa wakimiminika kutoka kila upande: Wapare, Wachaga, Wahaya, watu wa Tanga. Walikuja na makochi yao na majokofu yao, na wengine wakaja na paka na mbwa. Yalipojengwa maghorofa ya kupangisha upande wa Somanda, wakapanda nao huko huko juu.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mbwa wa kwetu analala zizini, anakula kilichobaki, na siku akiumwa anajitafutia majani yake mwenyewe. Sasa naambiwa kuna mbwa ana zulia lake na bakuli lake, na akitaka kwenda haja anapiga mlango kwa mguu, afunguliwe, ateremke ngazi. Karani mmoja wa mahakama, Dastan, kijana mpole asiye na mke, alikuwa na paka aliyekula dagaa wa Kalemela waliotolewa vichwa mmoja mmoja. Paka akanenepa hadi kitandani hawezi kuruka. Philomena, muuguzi, paka wake alimeza uzi wa cherehani na sindano yake. Nilimwambia Malimi kwamba hawa watu wana nafasi ya kuchezea. Alijibu kwamba sindano ikishakuwa tumboni haiulizi kama mnyama ni ng'ombe au paka, akachukua begi lake akaenda.

Mimi nilikuwa nikienda naye. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo ya kwenye chupa, hiyo ni sababu moja. Sababu ya pili, na niseme ukweli, ni kwamba napenda kuona watu wanaishije ndani.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo watu wa ghorofani hawakuizoea kabisa. Hamshiki mnyama mpaka mnyama mwenyewe amfuate. Akiingia anavua viatu, anakaa chini sakafuni, anampa mgonjwa mgongo, kisha anasalimia kwa Kisukuma, "Mwadila," na baada ya hapo hasemi tena. Wenye nyumba wanatazamana. Mimi nakuwa kwenye kochi na begi mapajani, nakunywa soda ya watu. Baada ya muda paka au mbwa anasogea, anamnusa shingo, anamnusa mikono, na hapo ndipo kazi inaanza. Aliniambia ng'ombe ukimfuata anakukimbia, lakini ukimgeuzia mgongo anataka kujua wewe ni nani. Sijawahi kuona ikishindikana, isipokuwa mara moja.

Mara hiyo moja ilianza msimu wa pamba ukielekea ukingoni. Alasiri alikuja dukani Mwalimu Judica, anayefundisha sekondari moja hapa mjini. Nilimjua. Mumewe, Elineema, alikuwa mhandisi wa maji, na wote wawili ni watu wa Same. Hawakuwa na mtoto. Miezi michache kabla ya siku hiyo, gari la Elineema lilipinduka akitoka kukagua mradi Meatu, wakamkimbiza Mwanza, akafia huko. Mwili ulitoka Mwanza ukaenda moja kwa moja Same kuzikwa kwao, na Judica akaondoka nao. Sisi huku tulichanga, wafanyakazi wenzake wachache wakasindikiza, basi. Ndivyo inavyokuwa kwa hawa ndugu zetu wa kuletwa na kazi. Wanaishi hapa, lakini msiba wao haufiki hapa. Nilitoa mchango wangu nikaona nimemaliza.

"Shikamoo Mama Kija," akasema. "Dokta yupo? Mbwa wetu hali chakula vizuri."

"Marahaba mwanangu. Hali tangu lini?"

"Tangu baba yake asafiri."

Nilidhani anaona haya kulitaja jambo lenyewe, nikanyamaza, kitu ambacho si kawaida yangu.

Tulienda siku ile ile, jua likiwa bado juu. Jengo lina ngazi za saruji zenye giza hata mchana, na Judica anakaa ghorofa ya tatu, mlango kwa mlango na Philomena muuguzi. Mbwa alikuwa wa kahawia mwenye kifua cheupe, si mkubwa. Jina lake Bomba, kwa sababu mhandisi alimwokota akiwa mtoto kwenye mtaro wa bomba la maji. Alikuwa amelala amejinyoosha akiutazama mlango, na tulipoingia alitutupia macho tu, akarudi kuutazama.

Malimi akavua viatu, akakaa, akageuza mgongo. "Mwadila," akasema.

Bomba hakuja. Tulikaa mpaka soda yangu ikaisha na mguu wangu ukafa ganzi. Mwishowe Malimi alifanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya: alijikokota sakafuni mpaka alipo mbwa, akaomba radhi kwa Kisukuma, akamshika. Alimpima joto, akamwangalia fizi, akamminya tumbo, akamtafuta kupe mpaka katikati ya vidole. Akachukua damu ya kupeleka kupimwa. Mbwa alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika, lakini hakukuwa na ugonjwa. Hata damu iliporudi ilikuwa safi.

Mimi nilikuwa nikiangalia mengine. Mezani kulikuwa na sahani mbili, moja imefunikwa. Karibu na mlango palikuwa na ndara za kiume, zimepangwa zikitazama ndani, kwa mtu anayetoka kazini na kutaka kuvua buti zake. Nikamkanyaga Malimi mguu. Hakugeuka.

"Mngebaki kidogo mngemwona akiwa mzima," Judica alisema tulipokuwa tukiaga. "Jioni huwa anachangamka."

"Jioni kuna nini?" nikauliza.

"Anampokea baba yake."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akikunja kitambaa cha meza. Nilitangulia kutoka.

Kwenye ngazi za chini tulikutana na Dastan, karani wa mahakama, ambaye chumba chake kiko chini ya cha Judica. Alikuwa na mfuko wa mkate mkononi, na alipotuona akashusha sauti.

"Mmetoka kwa mwalimu? Mmezisikia?"

"Nini?" nikamwuliza.

Dastan alieleza kwamba kila jioni, muda ambao mhandisi alizoea kurudi, mtu hupanda ngazi kwa buti. Hatua nzito, za mtu aliyechoka, mguu mmoja ukiburuzika kidogo. Zinapita mlangoni kwake, zinakwenda juu. Siku moja alifungua mlango ili asalimie, hakuona mtu, na hatua zikaendelea kupanda mbele ya macho yake. "Siku hizi nakaa ofisini mpaka giza liingie," akasema. "Leo nimesahau."

"Ni maji kwenye mabomba," nikamwambia.

"Maji yanatoka mara mbili kwa wiki, mama," akasema Dastan.

Siku iliyofuata Malimi alitaka kuwepo muda huo wenyewe. Mimi sikutaka, na nilienda. Nilikaa mahali pangu kwenye kochi, na jirani na kochi, karibu na dirisha, palikuwa na kiti cha mbao chenye mto. Judica alisema tusikikalie, nikasema sikuwa na nia hiyo.

Jua lilipokuwa likizama, nikazisikia. Zilianza chini kabisa. Buti. Moja, halafu nyingine iliyoburuzika. Bomba akainua kichwa. Hatua zilipofika ghorofa ya pili akasimama, yeye ambaye kutwa nzima hakunyanyuka, na mkia ukaanza kutikisika. Judica akaenda akafungua mlango, akaufungua wote.

Hapakuwa na mtu. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu wakisikia habari hii wanapenda kuongeza chumvi: sikuona kitu. Nilimwona mbwa tu. Aligeuza kichwa taratibu kutoka mlangoni, akapitisha macho kwenye zulia, akayapitisha mbele ya magoti yangu, akayatuliza kwenye kiti cha dirishani. Kisha akaenda akakaa mbele ya kiti hicho. Judica akafunga mlango akasema kwa upole, "Pole na kazi." Na upande wa mwili wangu ulioelekea kile kiti ukapoa, kuanzia bega mpaka kiunoni. Niliogopa. Sina neno jingine la kulitumia.

Malimi hakuangalia kiti hata kidogo. Alimwangalia mbwa.

"Umeuona mkia?" akaniuliza tulipofika nje.

"Nimeuona. Anafurahi."

"Mkia unafurahi. Masikio yake umeyaangalia? Yamelala. Na hakunusa. Mbwa bwana wake akirudi anamnusa mikono, anamnusa viatu, anataka kujua amepita wapi. Huyu anatikisa mkia huku pua ameigeuzia ukutani."

Hatukwenda makwetu. Tulikaa kwenye benchi mbele ya duka langu, magari ya pamba yakipita, na hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo miaka yote hiyo hakuwahi kunieleza. Baba yake alifariki Malimi akiwa bado anachunga. Asubuhi baada ya mazishi, kabla ng'ombe hawajafunguliwa, mama yake aliingia zizini, akamshika pembe fahali aliyekuwa akitangulia kundi, akamwambia: bwana wenu amekufa, amezikwa pale, msimsubiri. Kisha akapita kwa kila mmoja. Hakusemewa na mtu mwingine. Kwao ilikuwa lazima aseme aliyebaki na nyumba.

"Hiyo ni desturi ya Wasukuma gani?" nikamwuliza. "Mimi ni Msukuma na sijaisikia."

"Sijui ya Wasukuma gani. Kwetu ilikuwa hivyo. Babu alisema kuna boma walipuuza. Ng'ombe wakawa kila jioni wanasimama mlangoni mwa zizi wanamsubiri marehemu. Wakasubiri sana, mpaka kitu kikaja."

"Kitu gani?"

"Hakukitaja. Alisema mnyama akimsubiri sana aliyekufa, kitu kitaona kuna nafasi. Kitakuja. Ila hakitakuwa yeye."

Nilimkemea. Nilimwambia yeye ni mtu wa cheti, na watu wenye vyeti hawapaswi kuongea hivyo barabarani.

"Cheti ninacho," akasema Malimi. "Na kwa cheti hicho nakwambia yule mbwa haumwi, na anakufa."

Kumweleza Judica ilikuwa kazi ngumu kuliko kumzalisha ng'ombe mwenye ndama aliyegeuka. Alitusikiliza akiwa amesimama. Malimi alipomaliza, akauliza, "Kwa hiyo mnataka niseme nini?"

"Useme mhandisi amekufa," Malimi akajibu.

Judica alijibu kwa sauti ndogo. Alisema kwamba neno hilo halijawahi kutoka kinywani mwake. Mwanza alilisema daktari. Same walilisema wazee, akalisema mchungaji, yeye alikuwa anashikwa mkono tu na kukalishwa hapa na pale. Shuleni alilisema mkuu wa shule kabla hajarudi. Na aliporudi kwenye jengo hili, watu walikutana naye kwenye ngazi wakamwambia pole, akawaambia asante, wakaendelea kupanda. Hakuna aliyekuja akaketi. "Nikafungua mlango," akasema, "na Bomba, niliyemwachia Philomena amlishe, alikuwa amekaa anasubiri. Jioni nikasikia anakuja. Ningemwambiaje mbwa kwamba hayupo, wakati yupo kwenye ngazi?"

Hapo niliona aibu. Mimi ni miongoni mwa hao waliosema pole wakapita.

"Mbwa akiacha kumpokea, yeye haji tena," Judica akaendelea. "Mnajua mnachoniomba?"

"Tunajua, mwalimu," Malimi akasema.

"Hamjui. Naomba mtoke."

Malimi aliomba kitu kimoja, kwamba basi aseme yeye. Judica akainua mabega. Malimi akainama sikioni kwa Bomba akamwambia kwa Kisukuma, akarudia kwa Kiswahili. Sikio la mbwa halikutikisika hata kidogo. Malimi akavaa viatu vyake, tukatoka. Alijua amekosea. Aliyajua masharti, akajaribu kuyakwepa kwa huruma, na sasa neno limesemwa na mtu asiyestahili kulisema.

Dastan alikuja dukani baada ya hapo akiwa amevimba macho. Alisema hatua sasa haziishii mlangoni wala upande wa dirisha. Anazisikia juu ya dari yake zikizunguka, kutoka sebuleni kwenda chumbani, kutoka chumbani kwenda jikoni, mfano wa mpangaji mpya anayekagua vyumba. Alisema pia mwalimu haendi tena shuleni.

Halafu Judica mwenyewe akapiga simu. "Hanyanyuki," alisema, akakata.

Tulipofika jua lilikuwa limeinama. Judica alitufungulia akiwa amejifunga kanga ambayo ilimzunguka mara mbili, na nikaona kwamba hata yeye hajala kwa muda. Sahani mbili zilikuwa mezani, zote mbili zimefunikwa. Bomba alikuwa amelala palepale mbele ya kiti cha dirishani, macho makavu, ulimi umebadilika rangi. Malimi alimtundikia dripu akiifunga kwenye ndoano ya pazia. Alimsikiliza moyo, akanitazama, na nikaelewa bila kuambiwa.

"Hafiki asubuhi," akamwambia Judica. Hajawahi kumdanganya mtu mwenye mnyama.

Judica akakaa chini sakafuni. "Jana alikaa pale," akasema akionyesha kiti. "Bomba alikuwa hapa chini ya miguu yake, anahema vibaya. Nikasubiri. Nilijua Elineema atainama, hata amguse kichwa. Huyu mbwa alimlea kwa chupa ya maziwa. Ndovu akiumwa porini Elineema angesimamisha gari. Lakini yule pale alikaa tu. Alikuwa anamtazama anavyokwisha. Nilisikia kabisa kwamba anamtazama, na kwamba anaridhika." Akakitazama kile kiti. "Elineema asingekubali mbwa wake afe njaa miguuni pake. Huyo anayekaa pale, mimi simjui."

"Basi mwambie Bomba," Malimi akasema. "Sasa, kabla hajaja."

Judica akakichukua kichwa cha mbwa akakiweka mapajani. "Bomba," akasema. "Baba yako." Akakwama. Akaanza tena, akakwama palepale. Nilifungua mdomo nimsaidie, maana sijui kukaa mbele ya mtu anayehangaika na neno bila kumpa neno hilo, na Malimi akanishika mkono akaubana mpaka ukauma.

Chini, kwenye ngazi, buti likakanyaga.

Sote watatu tulisikia. Judica alifumba macho. Hatua zilipanda polepole, moja nzito, moja ikiburuzika, na safari hii hazikuwa na uchovu. Zilikuwa za mtu ajuaye kwamba mlango ni wake. Zikafika ghorofa ya kwanza. Zikafika ya pili, zikapita kwa Dastan.

"Elineema amekufa," Judica akasema.

Alisema kwa sauti ya darasani, ile ya kumfikia mwanafunzi wa nyuma kabisa. "Bomba, Elineema amekufa. Gari lilipinduka. Alifia Mwanza mimi nikiwa nimemshika. Tumemzika Same, karibu na mama yake, na udongo nimerusha kwa mkono huu." Akamwekea mbwa mkono wake kwenye pua. "Hatarudi. Usimsubiri."

Na Bomba akaunusa ule mkono. Niliona pua yake ikitanuka na kusinyaa. Alinusa kiganja, akanusa katikati ya vidole, akarudi kwenye kiganja, bila haraka.

Hatua zikafika mlangoni kwetu zikasimama.

Mbwa alinyanyuka. Miguu ilikuwa ikimtetemeka na mrija wa dripu ukaning'inia, lakini alinyanyuka, akapita juu ya mapaja ya Judica, akasimama kati yake na mlango. Manyoya ya mgongoni yalisimama yote. Alinguruma. Ilikuwa ni ngurumo ya mbwa wa zizi, niliyoisikia utotoni usiku wa fisi, na sikudhani mbwa wa zulia anayo.

Hakuna aliyekwenda kufungua. Nje ya mlango kulikuwa kimya, na ndani ya kimya kile kitu kilivuta pumzi, kikaishusha. Kisha kikaondoka. Kiliteremka ngazi upesi, na hazikuwa tena hatua za buti. Zilikuwa nyepesi, nyingi, na sitaki kukisia ni miguu mingapi. Zilipotea chini, mlango wa jengo ukapigwa na upepo, ikawa basi.

Bomba alisimama vilevile kitambo. Halafu akakaa, akainua kidevu juu, akalia. Kwetu mbwa akilia hivyo watu humrushia jiwe, kwa kuogopa anachokiita. Hakuna aliyemrushia jiwe. Alilia kwa sauti ndefu iliyojaza sebule na kutoka kwenye ngazi, na Judica akamkumbatia shingoni akalia naye, kilio chenyewe hasa, kile cha kupiga sakafu na kuita jina. Na mimi mwenye mdomo nikalia. Malimi alikaa chini akaweka mikono kichwani, anavyokaa mwanaume kwenye msiba.

Milango ikaanza kufunguka, wa juu, wa chini, wa pembeni. Watu wa ghorofani ambao hata majina hawajuani wakajitokeza kwenye ngazi. Dastan alipanda miguu mitupu. Philomena muuguzi alitoka mlango unaotazamana nasi amejitupia kanga begani, mikono yote ina unga, alikuwa anasonga ugali. Akasimama mlangoni akitutazama.

"Jamani," akasema, "amefariki nani?"

"Mume wangu," Judica akasema.

Philomena alijua. Alikuwa ametoa mchango, kama mimi. Akafungua mdomo kutaka kusema hivyo, akaangalia zile sahani mbili mezani, akaufunga. Kisha akauliza tena, taratibu.

"Lini, mama?"

"Leo," Judica akasema.

Philomena akavua kandambili mlangoni. Aliingia, akaketi sakafuni akiegemeza bega lake kwenye bega la Judica, na nyuma yake wengine wakaanza kuvua viatu. Bomba akasogea akamnusa mikono, akaanza kulamba unga kwenye vidole vyake.